Namna ya kusoma grafike ya semimetali mu uga wa sumaku, mbele ya kupiga kelele "Weyl!"

Bandugu, wiki iliyopita mudogo mumoja anasoma fizike alinifuata Nyawera na telefone mukononi, ananionesha grafike alitosha ku arXiv (fasi ya intaneti yenye maandiko ya sayansi ya bure), laini ya rezistansi inashuka wakati uga wa sumaku unapanda, macho inamung'aa, "Prof, angalia, hii njo anomali ya kirali, njo Weyl hii!" Nikamuambia mudogo wangu kaa kwanza, tuagize chai, hiyo laini tuiulize maulizo. (Weyl na anomali ya kirali nitazieleza chini.) Tulikaa masaa mbili. Nikaona ni heri niandike yote hapa juu banafunzi bamingi ba Bukavu na Goma na Uvira banaokota hii somo ku intaneti vipande vipande, na sisi labo yetu haina sumaku ya tesla 9 wala heliumu ya maji, lakini grafike za wengine ziko bure na kusoma grafike vizuri ni kazi ya fizike kamili, usiache mutu akuambie ni kazi ndogo.

Na hii mambo inatuhusu. Jina koltani ni majina mbili bameunganisha, kolumbite na tantalite. Mu kolumbite munatoka niobiumu, mu tantalite munatoka tantali. Ukikamata tantali ukaiweka pamoja na arseniki unapata TaAs, na TaAs njo kristali ya kwanza yenye balionaka elektroni za Weyl (zinajiendesha sawa vile hazina masi) ndani yake, mwaka 2015, miaka 86 nyuma ya Hermann Weyl kuandika mulinganyo wake 1929. Ndugu zake ni TaP, NbAs na NbP, yaani familia muzima ya watoto wanne inatoka mu elementi mbili za koltani. Wolfram yetu nayo ukiichanganya na teluriumu unapata WTe2. Nasema hii kwa sababu kila siku tunaona mifuko inapita kuelekea komptwari na mutoto wa shule anajua bei ya kilo moja lakini hakuna mutu alimuambia elektroni inafanya nini ndani ya ile elementi.

Sasa tuanze.

Mbele ya kugusa grafike, jua kwanza semimetali ni nini. Shaba ya Katanga ni metali ya kweli, ndani ya kila metre kube moja muko elektroni huru karibu 8.5 × 10^28. Semimetali iko nazo chache sana, mara maelfu au zaidi chini ya pale, juu bendi (safu ya energi zenye elektroni zinaruhusiwa) ya chini na bendi ya juu zinagusana kidogo tu. Mu semimetali ya topolojia (kundi lenye Weyl ndani) zinagusana ku nuktanukta, na kuzunguka kila nukta energi inapanda moja kwa moja na mwendo, inachora umbo la koni, si bakuli kama tulivyozoea. Pale elektroni inajiendesha sawa vile haina masi. Nukta za Weyl zinakuja mbili mbili, moja ya mukono wa kuume na moja ya mukono wa kushoto, haiwezekani upate moja peke yake, hiyo Nielsen na Ninomiya balishaka kuionesha tangu 1981. Shika hii neno "mukono", tutairudilia.

Sasa grafike iko mbele yako. Kitu ya kwanza, usiangalie laini. Angalia maandiko ya pembeni. Joto ni ngapi? Uga unafika tesla ngapi? Na ile inayosahauliwa na bamingi, uga uko upande gani ukilinganisha na kuranti? Ukiwa umesimama wima juu ya kuranti ni hadisi moja, ukiwa umelala sambamba na kuranti ni hadisi ingine kabisa, na ukichanganya hizo mbili kila kitu utasema nyuma yake ni makosa. Ili upate hisia ya tesla: mashini ya IRM ya hospitali mingi iko tesla 1.5, uga wa dunia yenyewe hapa inje ni sehemu 30 hadi 60 tu za milioni za tesla moja, ndogo sana.

Kitu ya pili ni usafi. Waya za kupima volti haziwekwi sawasawa hata siku moja, ziko zinapinda kidogo, kwa hiyo volti ya Hall (ile inayotokea kandokando ya kuranti wakati uga wa sumaku unasukuma chaji pembeni) inaingia mu rezistansi na rezistansi inaingia mu Hall. Dawa ni rahisi: bapime na uga wa kuongeza (+B) na uga wa kupunguza (−B, yaani umegeuzwa upande ingine), kisha rezistansi ya kweli ni R(+B) na R(−B) ukizijumlisha ugawe kwa mbili, na Hall ni R(+B) ukitosha R(−B) ugawe kwa mbili. Kama andiko inaonesha upande moja tu wa uga na haisemi kama balifanya hivi, weka alama ya kuuliza pembeni na uendelee polepole.

Kisha hesabu magnetorezistansi. Ni R(B) kutosha R(0), gawa kwa R(0), zidisha kwa 100. Hapa njo utaona namba za kushangaza na ni lazima ujue namna ya kuzisoma. WTe2, mwaka 2014, balipata 452,700% ku kelvini 4.5 na tesla 14.7. Maana yake rezistansi imekuwa mara 4,528 ya ile ya mwanzo. NbP mwaka 2015 ilitoa 850,000% ku kelvini 1.85 na tesla 9. Mutu anaona vile anasema basi hii ni topolojia hakika. Hapana! Pole pole. Namba kubwa peke yake haisemi topolojia. Ukiwa na elektroni na mashimo (mashimo ni fasi zenye elektroni imekosekana, zinatembea kama chaji ya kuongeza) na idadi yao iko sawa sawa, uga wa wima unasukuma zote upande moja, volti ya Hall inayopaswa kuzizuia haijengeki, na rezistansi inapanda kama kuadrati ya uga bila kusimama. Hesabu yake unaweza kuifanya ku karatasi: zidisha mobilite (wepesi wa chaji kukimbia umeme ukiisukuma) ya elektroni kwa mobilite ya mashimo kwa B kuadrati. Tuseme mobilite zote mbili ni metre kare 10 kwa volti-segonde, na uga tesla 9. Mara moja 10 × 9 ni 90, kuadrati ni 8,100, yaani 810,000%. Umeona? Tumefika karibu na namba ya NbP bila kutaja Weyl hata mara moja. Ile koni inasaidia kwa upande wa mobilite, juu elektroni zake nyepesi zinakimbia mbali mbele ya kugonga kitu, lakini usawa wa elektroni na mashimo njo unafanya kazi kubwa.

Kwa ile sababu uende ku Hall. Laini ya Hall ikiwa imenyooka, aina moja ya chaji inatawala na unaweza kupata wingi wake kutoka ku mutelemuko. Ikiwa imepinda, aina mbili ziko pamoja, na hadisi ya usawa inakuwa ya kuaminika. Hiyo tosha kwa Hall.

Tufike kwa ile mimi napenda zaidi ya vyote, mawimbi. Ukiangalia laini ya rezistansi ku joto ya chini sana utaona iko inatikisika, inapanda inashuka kidogo kidogo, na mawimbi inapanuka kadiri uga unapanda. Lev Shubnikov na Wander de Haas njo balionaka hii mara ya kwanza, mwaka 1930 kule Leiden, na walipima bismuti, ambayo yenyewe ni semimetali. Shubnikov alienda kufanya kazi Kharkiv na mwaka 1937 serikali ya Stalin ikamuua kwa risasi, alikuwa na miaka 36. Kila mara nachora hii grafike ubaoni nataja jina lake, banafunzi bajue.

Mawimbi inatoka wapi? Uga wa wima unalazimisha elektroni izunguke, kama moto na gari mu ronpwe, hakuna kwenda moja kwa moja. Sheria za kuantumu zinasema si kila muzunguko unaruhusiwa, kuko ngazi fulani tu, ngazi za Landau. Ukipandisha uga ngazi zinapanuka, na moja moja zinapita ku kimo ya mwisho ya elektroni, tunaita kimo ya Fermi. Kila ngazi ikipita pale, konduktivite inapiga kilele. Kwa elektroni ya kawaida ngazi ziko na nafasi sawa sawa kama ngazi za nyumba. Kwa elektroni ya Weyl energi inaenda na mizizi ya kuadrati ya n zidisha B, kwa hiyo ngazi za chini ziko mbalimbali na za juu zinabanana, na ngazi ya sifuri iko peke yake na tabia yake, nitaisema chini.

Kazi ya mikono sasa. Ukikuta grafike ya mawimbi, ipitishe mu WebPlotDigitizer, programu ya bure, utapata namba. Lakini angalia, usihesabu vilele ku rezistansi mbichi. Badilisha kwanza ukuwe na konduktivite: kamata rezistivite (rezistansi ukitosha ukubwa wa kristali) ya upande wa kuranti, gawa kwa jumla ya kuadrati yake na kuadrati ya Hall. Juu ya nini? Juu kama Hall ni kubwa, kilele ya rezistivite inakuwa kilele ya konduktivite, na kama Hall ni ndogo, kilele inakuwa bonde. Ukikosea hapa jibu yako ya mwisho inageuka kichwa chini, na nimeona kazi za mwisho wa mwaka zimeanguka hapa hapa.

Tuseme sasa umepata vilele vya konduktivite ku tesla 5, tesla 6.25 na tesla 8.33. (Ni namba zangu za mazoezi, usitafute kristali yake.) Zigeuze, 1 gawa kwa kila moja: 0.20, 0.16, 0.12. Nafasi kati yao ni 0.04 kila mara. Hii usawa wa nafasi ku 1/B njo sahihi ya ngazi za Landau, kama nafasi haziko sawa ujue unaona kitu kingine, ao mafrekansi mbili zimeingiliana. 1 gawa kwa 0.04 ni 25, basi frekansi ni tesla 25. Onsager alioneshaka 1952 kwamba hii frekansi inapima eneo la muzunguko wa elektroni mu nafasi ya mwendo, na ukifanya hesabu tesla 25 inakupa nusu kipenyo karibu 0.028 kwa angstromu. Ndogo sana. Shaba, muzunguko wake munene uko na frekansi karibu tesla 58,000. Linganisha 25 na 58,000 ujionee mwenyewe semimetali ni kitu gani.

Sasa upe vilele namba. 1/B ya 0.12 ipe 3, ya 0.16 ipe 4, ya 0.20 ipe 5, chora n ku mustari wa wima na 1/B ku mustari wa kulala, na uvute laini mupaka ku 1/B sifuri. Inaangukia wapi? Hapa inaangukia ku sifuri. Kwa vilele vya konduktivite, sifuri ina maana elektroni imekusanya fazi ya Berry ya π njiani, alama ya koni, na nusu ina maana elektroni ya kawaida ya bakuli. Fazi ya Berry, tangu Michael Berry 1984, ni kama mutu anazunguka kisiwa cha Idjwi na mutumbu, anarudi paka fasi alitokea, lakini anakuta uso wake unaangalia nyuma. Njia ndiyo imemugeuza, hakuna mutu alimugusa. Mu kristali ya mapana matatu kunaongezeka au kunapungua moja ya nane, basi ukipata 0.1 usiogope. Na kama mwandishi alipea namba mabonde mu fasi ya vilele, maana ya sifuri na nusu inabadilishana, kwa hiyo soma maneno chini ya grafike mbele ya kulinganisha na wengine. Pia kutoka ngazi ya 3 mupaka sifuri ni mbali, kosa ndogo ku kilele inakuwa kosa kubwa kule mwisho. Mutu mwenye vilele vitatu tu kama sisi hapa asiape kwa kitabu kitakatifu, atafute vya juu zaidi, ku tesla 12.5 na tesla 25.

Masi nayo unaipata bila shida. Angalia mawimbi inakufa namna gani wakati joto inapanda. Kamata x ni 14.69 zidisha masi zidisha joto gawa kwa uga, kisha nguvu ya wimbi ni x gawa kwa sinh ya x (sinh ni kifungo ku calc ya sayansi). Masi ya 0.05 ya elektroni ya kawaida, kelvini 10, tesla 5: x ni 1.47, nguvu inabaki 0.71. Pandisha mupaka kelvini 30, inabaki 0.11. Sasa weka masi ya 1 kwa ile kelvini 10, inabaki kama sehemu moja ya bilioni mia moja, yaani hakuna kitu. Kwa hiyo ukiona mawimbi bado inaonekana ku kelvini 10 na uga mudogo vile, elektroni ni nyepesi, hapa hakuna mabishano. Calc ya ku telefone inatosha kufanya hii yote, kuranti ikikatika betri inaendelea.

Haya, tufike kwa grafike ya mudogo. Uga sambamba na kuranti, rezistansi inashuka.

Hii njo ile kitu Nielsen na Ninomiya balitabiri 1983. Ngazi ya Landau ya sifuri ku nukta ya Weyl iko na njia ya upande moja tu. Ku nukta ya mukono wa kuume elektroni zake zote zinaenda kule, ku nukta ya kushoto zote zinakuja huku. Sisi ba Bukavu tuko na picha yake mulangoni. Ruzizi inatoka ziwa Kivu inaenda ziwa Tanganyika, hairudi. Ukiweka uga wa umeme sambamba na uga wa sumaku, elektroni zinahama kutoka nukta moja kwenda ingine, ziwa moja linashuka na ingine linajaa. Ni nini inarudisha maji? Mvua, polepole, kwa njia ya mbali. Mu kristali mvua ni elektroni kugonga uchafu mukubwa wa kutosha kuirusha mupaka ku nukta ingine, na hiyo inafanyika kwa nadra, basi ile kuranti ya ziada inadumu, konduktivite inapanda kama B kuadrati na rezistansi inashuka. Ku Na3Bi baliandika hii 2015. Ni kitu nzuri sana, miye nikiifundisha bado nywele zinasimama.

Lakini kuko kitu ingine inaleta laini ile ile, na haina Weyl. Angalia mvua kubwa ikinyesha Kadutu. Maji haishuki mulima kwa upana wote, inachagua rigole (mufereji) moja katikati na inakimbia mule kwa nguvu. Mutu amesimama mbali na rigole na kikombe chake atasema leo maji ni kidogo. Mu kristali yenye mobilite kubwa uga wa sambamba unafanya vile vile: kuvuka upande inakuwa ngumu mara elfu, kwenda mbele inabaki rahisi, basi kuranti inajibana mu laini nyembamba kati ya waya zake mbili. Waya ya volti ikiwa pembeni inasoma volti ndogo na inapungua zaidi kila uga ukipanda, na wewe unasema rezistansi imeshuka. Mu familia ya TaAs yenyewe, 2016, ilioneshwa wazi kwamba hii inaharibu vipimo. Na haiko uongo wa mutu, ni jiometri.

Kwa hiyo maulizo ya kuuliza, na uzitafute mu picha ya kristali, si mu laini. Waya za kuranti zinafunika uso muzima wa mwisho wa kristali ao ni vitone viwili tu? Vitone ni hatari. Kristali ni ndefu na nyembamba, urefu mara kadhaa ya upana? Fupi ni hatari. Balipima volti ku peya moja ao peya kadhaa, katikati na pembeni? Njo ya lazima kuliko zote: kama peya ya pembeni inashuka na peya ya katikati inapanda, ni rigole, umemaliza, funga. Kama peya zote zinashuka pamoja na kwa kipimo kimoja, endelea. Kisha uangalie pembe. Ukigeuza uga kutoka sambamba, ile kushuka inapaswa kupotea. Uligeuza na bado iko? Kuna kitu kingine. Mwisho kimo ya Fermi iko karibu na nukta za Weyl? Ile frekansi uliyohesabu juu inasaidia, juu ikiwa kubwa sana elektroni ziko mbali na nukta, na mikono miwili imeshachanganyika.

Kuko njia zingine nitazitaja tu. Ku uso wa kristali kuko tao za Fermi, zinaunganisha kivuli cha nukta mbili, na mu uga wa sumaku elektroni inaweza kutembea ku tao ya juu, kushuka ndani ya kristali kupitia ngazi ya sifuri, kutembea ku tao ya chini na kupanda tena. Mu Cd3As2 ilipimwa 2016, na alama yake ni kwamba fazi ya mawimbi, yaani mahali vilele vinaangukia, inategemea unene wa kristali. Na kama unataka Hall ya ajabu bila uga wa inje, soma Co3Sn2S2 ya 2018, ni sumaku yenyewe chini ya kelvini karibu 177, na pembe yake ya Hall inafika 20%. Kobalti, bati na salfa. Bati inatoka mu kasiterite kama ya Nyabibwe na kobalti iko Kolwezi, nikisema hii mu darasa nyuma inakuwa kimya.

Ile jioni mudogo alifungua tena andiko yake, safari hii hakuangalia laini, alienda moja kwa moja ku picha ndogo ya kristali pembeni. Waya za volti zilikuwa peya moja. Kristali ilikuwa karibu kare. Akanyamaza, akaweka kikombe chini, akauliza, "Sasa Prof, hii peya moja iko katikati ao pembeni?" Tukavuta picha ikawa kubwa, tukaanza kupima na rula ku kioo cha telefone.